Oscar Watkins: Ofisa aliyewadai Waingereza ujira wa wapagazi waliokufa vitani

MAELFU ya watu hupita Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa majina hayo yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyekabidhiwa jukumu la kukiunda na kukiongoza ni Oscar Ferris Watkins.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1877, alishiriki Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini kabla ya kujiunga na utawala wa kikoloni katika nchi ambayo leo ni Kenya. Alikimudu Kiswahili vyema, na vita vilipozuka Agosti 1914 alitakiwa kutafuta watu wa kubeba mahitaji ya jeshi.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Reli hazikufika sehemu nyingi za mapigano, malori yalikwama matopeni, nao ng'ombe, punda na farasi waliteketea kwa maradhi ya mbung'o. Chakula, risasi na dawa vilisafiri vichwani mwa binadamu. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kikatili: mpagazi naye alihitaji kula, na kadiri msafara ulivyokwenda mbali ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mzigo ilivyoliwa njiani. Ili kumlisha askari mmoja aliye mbali, ilibidi waongezwe wapagazi, na wapagazi hao wakahitaji wengine wa kuwalisha.

Waliojitolea walipopungua, mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na ujira ukapunguzwa. Mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wakimwandama Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini mwa Tanzania ya leo, zaidi ya watu laki moja walikusanywa Kenya katika muda wa miezi michache.

Watkins hawezi kuepuka lawama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza kikosi kilichowapokea vijana hao. Hata hivyo, wakati makamanda wengi waliwahesabu wapagazi kama sehemu ya mizigo, yeye aliwahesabu kama watu. Alisisitiza kila mmoja aandikishwe na kupewa namba, na akapigania mablanketi, hospitali na chakula kilichopikwa kikaiva. Unga usioiva ulisababisha maradhi ya tumbo, na kuhara damu kukawa adui aliyeua wengi kuliko risasi.

Vita vilipomalizika Novemba 1918, wapagazi zaidi ya 40,000 waliotumikia upande wa Uingereza walikuwa wameandikwa kuwa wamekufa. Idadi halisi inaaminika kuwa kubwa zaidi.

Ndipo lilipozuka suala la fedha. Wengi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakupatikana. Kwa kuwa madaftari yalikuwepo, deni halikuweza kukanushwa. Watkins alikuwa miongoni mwa maofisa waliotaka fedha hizo zirudishwe kuwanufaisha Waafrika wa sehemu walikotoka marehemu. Baada ya mabishano ya miaka mingi, Hazina ya Uingereza ilikataa.

Watkins alifariki dunia mwaka 1943. Jina la kikosi chake lilibaki sokoni. Ujira wa waliokufa ulibaki London.