Mshumaa mbele ya watoto

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi maskini. Shule aliipata kidogo. Elimu aliiokota katika vitabu alivyopewa kuvijalidi. Baadaye, akiwa mwanasayansi mashuhuri na mzee wa kanisa, hakuona aibu kufundisha watoto. Krismasi ya 1860, jijini London, aliwaonyesha kwa mshumaa jinsi moto unavyohitaji hewa, na jinsi mwali unavyotoa mvuke wa maji. Alifariki mwaka 1867.

Nawe mwalimu wa Shule ya Jumapili huko Manchira, Serengeti, mshumaa unao. Uwashe, ufunike kwa glasi, watoto wauone ukizimika. Wakiuliza kwa nini, usiwanyamazishe. Bwana Yesu hakuwafukuza watoto, na mtoto anayeuliza anaitafuta kazi ya Muumba. Jumapili njema.