Sergei Winogradsky (1856–1953)

Sergei Winogradsky alizaliwa Kyiv. Alisomea piano kabla ya kuingia kwenye sayansi. Kati ya 1888 na 1891, akiwa Zürich, alionyesha kwamba bakteria wa kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na wa kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao hupata nishati yao humo, bila mwanga wa jua. Mwaka 1922 alihamia Ufaransa, akafanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Chombo chake cha kioo chenye tope na maji bado hutumika kufundishia.

Kwa nini umjue? Ukiweka mbolea nyingi shambani Kibondo au Kasulu, mvua huosha nitrati hadi mtoni. Mto Malagarasi huipeleka Ziwa Tanganyika. Nitrati ikizidi majini, mwani hustawi. Ukifa na kuoza, oksijeni hupungua na samaki hufa.

Lakini ndani ya tope lisilo na oksijeni wamo bakteria wengine. Hao huchukua nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ambayo hurudi hewani bila madhara. Kazi yao ina kikomo: mbolea ikizidi uwezo wao, ziwa huchafuka.

Kumbuka: Usichanganye makundi haya. Bakteria wa Winogradsky hutengeneza nitrati na huhitaji oksijeni. Wale wa kwenye tope huondoa nitrati pasipo oksijeni.

Jipime: Eleza kwa nini shamba lililotuama maji hupoteza rutuba ya naitrojeni.