Adriano Atiman: Daktari wa Karema na Karama Aliyoipenda

Sisi tuishio Kalangalala, katika ukanda wa machimbo ya Geita, tunafahamu kwamba dhahabu haipatikani bila jasho. Mwamba hupasuliwa, mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huchenjuliwa, ndipo punje ionekane. Karama ambayo Mungu ameiweka ndani ya kila mtu nayo hutafutwa kwa uvumilivu wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya Adriano Atiman, daktari na katekista.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Aljeria, wakamsomesha, naye akabatizwa. Mwaka 1881 alipelekwa kisiwani Malta kwa mpango wa Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliyetaka vijana wa Kiafrika wasomee udaktari na kurudi kuwatumikia Waafrika wenzao.

Tutafakari kidogo hapo. Kijana huyo alikuwa amenyang'anywa wazazi na nchi yake, na hata masomo yake yalipangwa na wengine. Lakini mtu aweza kupangiwa kazi. Kuipenda hawezi kupangiwa.

Alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Hapo alidumu hadi kifo chake mwaka 1956, yaani miaka ipatayo 67. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaingia, vita vikuu viwili vikapita. Atiman aliendelea kuwatibu wagonjwa na kufundisha dini. Alioa, akapata familia, na mwanawe Yosefu akawa padre. Aliyewahi kuuzwa kama bidhaa alijitoa mwenyewe, kwa hiari, kwa watu ambao hakuzaliwa miongoni mwao.

Wamisionari wa shirika hilo hilo ndio waliofika Bukumbi, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Hivyo historia yake ni jirani na yetu. Inatufundisha kwamba shauku ya kweli hutambulikana kwa kudumu kwake, na kwa faida ambayo wengine huipata.

Vijana wetu wengi huingia mashimoni kwa sababu tu wamesikia fulani ametajirika. Uchimbaji ni kazi ya heshima kwa anayeipenda na kuifanya kwa haki. Lakini yuko binti ambaye mikono yake huchangamka ashikapo cherehani, na yuko kijana awezaye kukaa na mgonjwa usiku kucha bila kunung'unika. Nani amewaambia kwamba hiyo nayo ni hazina?

Basi, wazazi tuwaangalie watoto wetu kabla ya kuwachagulia njia. Katika jumuiya zetu ndogondogo tumshukuru Mungu waziwazi kwa karama ya kila mmoja, angali hai. Jijini Dar es Salaam ipo nyumba inayoitwa Atiman kwa heshima yake. Sisi tusingoje majina yaandikwe ukutani. Tupongezane leo, na kila mmoja aitumie talanta yake, asiifukie ardhini.