Ibn al-Haytham na Namba 721

Jina la Al-Hasan ibn al-Haytham wengi wenu mmelisikia skuli katika somo la mwanga, kwa sababu ya Kitab al-Manazir. Sisi tunapenda kumtazama kwa upande usiotajwa sana, nao ni hesabu.

Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 965. Mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kwamba alidai anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, na mtawala wa Misri, Al-Hakim, akamwita. Alipofika karibu na Aswan na kuyaona majengo ya watu wa kale, akatambua kuwa lau ingewezekana, wao wangeshafanya. Akarudi Cairo na haya. Akapewa kazi serikalini, asithubutu kuikataa, kwani Al-Hakim alikuwa mwepesi wa kuua. Mwisho akajitia wazimu. Akafungiwa nyumbani, mali yake ikashikwa, hadi Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye akaishi karibu na msikiti wa Al-Azhar, riziki yake ikiwa ni kunakili vitabu vya hesabu. Wapo wanaokitilia shaka kisa hiki. Kazi zake hazina shaka.

Katika moja ya kazi hizo alitafuta namba ambayo ukiigawanya kwa 2, 3, 4, 5 au 6 inabaki 1, lakini kwa 7 haibaki kitu. Muuza ndimu wa Darajani angesema hivi: nikipanga mafungu ya mbilimbili, ya tatutatu, hata ya sitasita, ndimu moja inabaki, nikipanga ya sabasaba zinakwisha zote. Nina ndimu ngapi?

Ibn al-Haytham alizidisha 1, 2, 3, 4, 5 na 6 akapata 720, akaongeza 1. Jibu 721, na 721 ni 7 mara 103. (Ndogo kabisa ni 301, nayo inatimiza masharti.) Kubaki 1 si ajabu, maana 720 imejengwa kwa namba zile zile. Ajabu ni hiyo 7. Yeye akasema si bahati: kila namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ina sifa hii. Jaribuni 5: zilizo chini yake zinafanya 24, ongeza 1, ni 25. Kwa 11 mtapata 3,628,801, sawa na 11 mara 329,891. Namba isiyo tasa inakataa: 6 inaleta 121, na baki ni 1. Lakini njia hii ni nzito. Kwa 31 tu, zao lina tarakimu 33.

Ulaya kanuni hii ilichapishwa mwaka 1770 kwa jina la Mwingereza John Wilson, na Lagrange akaithibitisha mwaka 1771. Ibn al-Haytham alikuwa ameshafariki, mnamo 1040, huko Cairo.

Anayetaka ajaribu 13. Atapata 479,001,601. Aigawanye kwa 13, kisha jibu lake aligawanye kwa 13 tena.