Eli Whitney, fundi aliyeacha alama pande mbili za vita vya Marekani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwezi wa Aprili 1861, Eli Whitney alikuwa amekwisha kufa miaka 36. Hata hivyo, kazi yake ilikuwa upande wa Kusini na pia upande wa Kaskazini.

Whitney alizaliwa tarehe 8 Desemba 1765 huko Westborough, jimbo la Massachusetts, kaskazini mwa nchi. Baba yake alikuwa mkulima, lakini kijana alipenda karakana kuliko jembe. Alimaliza masomo Yale mwaka 1792, akaenda kusini kutafuta kazi ya ualimu. Huko Georgia alipokelewa shambani kwa Catharine Greene, mjane wa jenerali.

Wenye mashamba walikuwa na shida moja. Pamba ya nyuzi fupi ilistawi vizuri, lakini mbegu zake zilishika sana. Mtu mmoja alitumia siku nzima kusafisha karibu nusu kilo. Mwaka 1793 Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba, na kazi hiyo ikapanda hadi kilo 20 na zaidi kwa siku.

Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1794, lakini hakutajirika. Yeye na mshirika wake Phineas Miller walidai sehemu mbili kwa tano za pamba iliyochambuliwa. Wakulima walikataa, wakaiga mashine yenyewe. Kesi zikamaliza pesa.

Waliolipa gharama kubwa ni watumwa. Mashine ilichambua pamba, lakini kulima na kuvuna kulibaki kazi ya mikono yao. Mwaka 1790 walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Wakati huo pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya mali yote ambayo Marekani iliuza nje.

Whitney alirudi kaskazini. Mwaka 1798 aliahidi kuitengenezea serikali bunduki 10,000 kwa miaka miwili. Alizimaliza mwaka 1809. Karibu na New Haven alitetea wazo la kutengeneza vipande vinavyofanana kwa mashine. Mafundi wengine walilikamilisha, na viwanda vya Kaskazini vikakua.

Alifariki New Haven tarehe 8 Januari 1825. Baada yake, mikoa hiyo miwili ilizidi kutengana. Kaskazini ilitaka ushuru wa kulinda viwanda vyake. Kusini, iliyouza pamba Uingereza, iliukataa. Mwaka 1832 South Carolina ilitangaza kwamba haitautii. Lakini ugomvi uliovunja nchi ulikuwa juu ya utumwa: je, uingie katika ardhi mpya za magharibi au uzuiwe?

Vita viliua askari zaidi ya 600,000. Kusini ilikuwa na pamba nyingi lakini viwanda vichache vya silaha, ikashindwa mwaka 1865. Mwaka huohuo utumwa ulifutwa kisheria katika Marekani yote.