Mtakatifu Yohane Bosco na Viongozi Vijana

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji cha wakulima upande wa kaskazini wa Italia. Baba yake alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki kuwalea watoto kwa jembe na kwa sala.

Tangu utoto Yohane alipenda kukusanya wenzake. Alijifunza kutembea juu ya kamba, kama walivyofanya wachezaji waliopita sokoni. Watoto walipokuja kumtazama, aliwataka wasali pamoja naye kwanza, kisha akawarudia mahubiri waliyoyasikia kanisani.

Mwaka 1832, alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Chieri, aliunda chama pamoja na wenzake, wakakiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: kila mmoja ajiepushe na neno au tendo lisilomfaa mkristu, atimize wajibu wake wa shule na wa dini, na akae na moyo wa furaha. Vijana wale walijiongoza wenyewe.

Yohane alipewa upadri mwaka 1841, akakaa katika mji wa Torino. Huko aliona vijana wengi waliotoka vijijini kutafuta kazi. Walibeba mawe na chokaa mchana kutwa, wala hawakuwa na mzazi wala rafiki wa kuwaangalia. Akaenda gerezani, akakuta vijana waliofungwa, wakafunguliwa, kisha wakarudi tena, kwa kuwa huko nje hawakuwa na mtu wa kuwapokea. Jambo hilo lilimchoma moyo. Tarehe 8 Desemba mwaka ule alimpokea yatima mmoja, fundi wa kujenga, ambaye mtunza sakristia alikuwa amemfukuza kwa ukali. Kijana huyo akarudi na wenzake, na hao wakaleta wengine.

Kwa miaka kadhaa walihamahama, maana watu walichukizwa na kelele zao. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1846 wakapata banda huko Valdocco, nje kidogo ya mji. Hapo vijana walisali, walijifunza katekisimu, walicheza, waliimba, na jioni walisoma na kuhesabu.

Ndipo likaja jaribu kubwa. Mwaka 1848 nchi iliingia vitani, na watu wakagawanyika. Baadhi ya wasaidizi wa Padri Bosco walitaka kuwaongoza vijana katika maandamano ya siasa. Yeye akakataa. Basi wakamwacha, wakaondoka na vijana wengi. Akabaki karibu peke yake, na kundi lililosalia ni kubwa. Je, angefunga mlango?

Hakuufunga. Aliwatazama wale aliowalea mwenyewe. Mwaka 1849 akachagua vijana wanne, watoto wa kazi tu, akaanza kuwafundisha na kuwatayarisha wawe wasaidizi wake. Wengine wakafuata. Mkubwa alimfundisha mdogo katekisimu. Aliyejua kusoma alimsaidia asiyejua. Padri Bosco hakukaa mbali akingoja kosa ili aadhibu. Alikaa katikati yao, akacheza nao, akawaonya kwa upole kabla hawajaanguka. Alijua kwamba udongo huwahiwa ungali maji.

Mwaka 1854 kazi hiyo ilipimwa. Ugonjwa wa kipindupindu uliingia Torino, ukaua watu wengi. Wagonjwa walikosa wa kuwauguza, kwa sababu hata jamaa zao waliogopa. Padri Bosco akauliza ni nani atakayekwenda pamoja naye, na makumi ya vijana wakajitolea. Waliingia katika nyumba za wagonjwa, wakawaosha, wakawabeba. Vitambaa vilipokwisha, Mama Margherita akatoa hata kitambaa cha altare. Wala hakuna hata kijana mmoja kati yao aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Mwaka 1856 Dominiko Savio, mvulana wa miaka 14, akaunda pamoja na rafiki zake chama cha Bikira Maria Imakulata. Walijitwika kazi ya kuwaangalia wenzao wageni na wale walio wagumu. Mwaka uliofuata Dominiko akafariki, lakini chama hakikufa pamoja naye. Tarehe 18 Desemba 1859 Padri Bosco alianzisha Shirika la Wasalesiani, na karibu wote waliokuwamo chumbani ni vijana waliolelewa naye. Mmoja wao, Michele Rua, alikuwa na miaka 22 tu. Mwingine, Giovanni Cagliero, aliongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina mwaka 1875.

Padri Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888. Rua akashika mahali pake, na kazi haikusimama. Mwaka 1911 Wasalesiani walifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Mwaka 1934 Papa Pio XI alimtangaza Yohane Bosco kuwa mtakatifu.

Wapenzi wakatekumeni, angalieni neno hili. Mtakatifu huyu hakungoja vijana wawe wazee ndipo awape kazi. Aliwapa kazi ndogo, akakaa karibu nao, kisha akawapa kubwa. Basi ninyi wazee wa kijiji, mpeni kijana jambo la kutunza, wala msimwache peke yake. Nawe kijana, ukipewa watoto watatu wa kuwafundisha sala, usiidharau kazi hiyo. Hapo ndipo uongozi unapoanza.