Fundi Konde na Lugha ya Jukwaa la Vita

Historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki kwa kawaida huanzia mijini: Dar es Salaam Jazz Band iliyoundwa mwaka 1932, vilabu vya Mombasa na Nairobi, na santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Mkondo huo wa masimulizi ni sahihi, lakini una pengo. Kati ya mwaka 1939 na 1945 maelfu ya vijana walitolewa katika vijiji visivyokuwa na klabu wala santuri, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska, Ceylon na Burma. Wengi wao walisikia huko, pengine kwa mara ya kwanza, gitaa likipigwa na Mwafrika aliyevaa sare kama zao na kuimba kwa Kiswahili. Miongoni mwa wapigaji hao alikuwamo Fundi Konde. Maisha yake yanastahili kutazamwa kwa upande wa lugha sawasawa na upande wa muziki, kwa sababu jukwaa la vita lilimkutanisha msanii wa pwani na wasikilizaji ambao Kiswahili cha pwani hakikuwa chao: Mhehe kutoka Iringa, Mnyakyusa kutoka milima ya Rungwe kusini mwa Mbeya, Mkamba, Mwacholi.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika pwani ya Kenya, katika jamii ya Wagiriama. Lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili, ingawa Kigiriama na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja na mtoto wa Kigiriama aliyekwenda shule ya misheni hukua akiwa na zote mbili masikioni. Elimu yake ya muziki pia ilipitia shuleni na kanisani, kama ilivyokuwa kwa wanamuziki wengi wa kizazi chake. Jambo hili halina ajabu. Bendi za shule za misheni, sambamba na bendi za polisi na za jeshi, ndizo zilizokuwa vyuo vya muziki wa ala za Kizungu katika Afrika Mashariki, na kijana aliyetoka humo alijua kusoma noti au angalau kupanga sauti. Kwa upande mwingine palikuwa na pwani yenyewe: taarab, beni na ngoma za mitaani, ambazo zilikuwa zimekwisha kumeza tarumbeta na sare za kijeshi tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Beni, kwa hakika, ni ushahidi kwamba jeshi na muziki wa Kiswahili vilikuwa na uhusiano wa zamani. Askari wa Kijerumani na wa Kiingereza pamoja na wapagazi wao waliitawanya ngoma hiyo bara katika vita vya 1914 hadi 1918.

Mwaka 1944 Konde aliingia katika kikosi cha burudani cha jeshi la Afrika Mashariki. Ili kuelewa kikosi hicho kilikuwa nini, ni lazima kwanza kutazama hali ya jeshi lenyewe wakati huo. Askari wa King's African Rifles, ambao wananchi waliwaita keya, walikuwa wamepigana na Waitaliano mpaka mwaka 1941 na kuingia Madagaska mwaka 1942. Baada ya hapo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilihamishiwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi ya vita vya msituni kabla ya kupelekwa kupambana na Wajapani. Safari yenyewe ya baharini ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Kuanzia katikati ya mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka katika bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, mvua za masika ya Asia zikiwa zimepamba moto. Malaria na matope viliwasumbua askari karibu sawa na risasi. Mwezi Desemba mji wa Kalewa ulitekwa na daraja kubwa la kuelea likajengwa juu ya mto Chindwin. Katika hali hiyo makamanda waliona kwamba askari asiyepata barua, asiyepata likizo, wala asiyejua kwa nini anapigana nchi ya mbali, hawezi kushikiliwa kwa amri peke yake. Waingereza walikuwa na shirika lao la burudani, ENSA, lililoanzishwa mwaka 1939, na mwimbaji Vera Lynn mwenyewe alifika upande wa Burma mwaka 1944. Lakini nyimbo zake hazikumwambia kitu askari wa Njombe. Burudani ya askari wa Kiafrika ilibidi itoke kwa Waafrika.

Ndipo kikosi cha burudani kilipopata umuhimu wake. Wanamuziki walipewa ala, hasa gitaa na akodiani, wakafundishwa kupiga pamoja na kusafirishwa kwenda kambini. Mmoja wa maofisa waliohusika na muziki wa askari wa Kiafrika alikuwa Kapteni Peter Colmore, ambaye jina lake litarudi tena katika maisha ya Konde. Konde alizunguka India, Ceylon na Burma. Kazi ya vikosi vya namna hii haikuwa ya klabuni. Jukwaa laweza kuwa nyuma ya lori au uwanja wa kambi ya mapumziko, mahali ambapo askari waliotoka msituni hukaa siku chache kabla ya kurudi. Hapakuwa na wanawake wa kucheza nao dansi. Watu walikaa chini wakasikiliza, na hapo ndipo maneno ya wimbo yalipopata uzito ambao hayakuwa nao katika ukumbi wa dansi.

Wasikilizaji hao walikuwa akina nani? Jeshi lilichukua zaidi ya watu 300,000 kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani, na zaidi ya 80,000 kati yao walitoka Tanganyika. Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, lenye Iringa na Mbeya ndani yake, lilikuwa shamba kongwe la waandikishaji. Wahehe walikuwa na sifa ya ushujaa machoni mwa wakoloni tangu Mkwawa alipowashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, na Waingereza waliirithi imani hiyo wakawapendelea Wahehe katika jeshi lao. Mtu aweza kuona kinyume kilichopo: kumbukumbu ya upinzani dhidi ya ukoloni iligeuzwa kuwa sababu ya kuwaandikisha wajukuu wa wapinzani. Barabara ya kutoka Rhodesia ya Kaskazini kupitia Mbeya, Iringa na Dodoma hadi Kenya ilikuwa njia ya misafara ya kijeshi mwaka 1940 na 1941, wakati majeshi ya Afrika Kusini yalipopanda kaskazini kwa magari. Hivyo vita havikuwa habari ya kusikia tu kwa wakazi wa nyanda hizo. Vilipita mlangoni mwao.

Katika divisheni ya Burma batalioni ya 26 na ya 36 za KAR zilikuwa za Tanganyika. Ndani ya batalioni moja palikuwa na Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, Wangoni na wengineo, na karibu nao palikuwa na batalioni za Kenya, Uganda na Nyasaland. Lugha ya amri katika batalioni nyingi ilikuwa Kiswahili, isipokuwa za Nyasaland zilizotumia sana Kichinyanja. Kiswahili chenyewe kilikuwa kile kilichojulikana kama Kikeya: ngeli zimepunguzwa, msamiati umefinywa, na Kiingereza cha kijeshi kimepenyezwa. Wataalamu wa lugha wamezoea kukitaja Kikeya kwa dharau, kama Kiswahili kilichovunjika. Dharau hiyo inasahau kwamba kwa vijana wengi wa Iringa na Mbeya hicho ndicho kilichokuwa Kiswahili cha kwanza walichokitumia kila siku nje ya soko na mahakama.

Fundi Konde alisimama kati ya Kiswahili hicho na Kiswahili cha pwani alichokua nacho. Kama angeimba kwa namna ya washairi wa Mombasa, kwa mafumbo yaliyofungwa na maneno ya kale, askari wa bara wangesikia sauti tu. Kama angeimba Kikeya kitupu, wimbo usingekuwa wimbo. Njia aliyoichukua, ambayo inaonekana wazi katika santuri alizorekodi baadaye, ni ya kati: sarufi ni ya pwani, sanifu na nyoofu, lakini sentensi ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na wazo moja hubebwa kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Katika Tausi, mpenzi hufananishwa na ndege tausi, taswira ya zamani katika ushairi wa Kiswahili, lakini msikilizaji haitaji kufumbuliwa kitu ili aifahamu. Urahisi huu umewahi kuchukuliwa kama upungufu wa kisanaa. Yafaa uchukuliwe kama ufundi, na ufundi ambao hauelezeki vema bila kuwakumbuka wasikilizaji wa mwanzo.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba jeshi lilikuwa na nia ya kukuza lugha au sanaa. Burudani ilikuwa chombo cha utawala. Nyumbani nako kamandi ya Afrika Mashariki ilikuwa na kikosi cha uenezi kinachotembea kwa magari, kilichoanzishwa na Alec Dickson, ambacho kilizungusha askari wilayani wakionyesha silaha, michezo ya viungo na maigizo ili kuwavutia wananchi kwenye juhudi za vita. Wimbo wa mapenzi kambini ulifanya kazi ileile kwa upole zaidi: ulimfanya askari aikumbuke nyumbani bila kuuliza lini atarudi. Konde na wenzake walijua walikuwa wakitumikia nani. Lakini walichokipata hakikuweza kurudishwa ghalani pamoja na bunduki: ala, mazoezi ya kupiga kwa pamoja, na wasikilizaji wa mataifa mengi kwa lugha moja.

Mambo kama hayo yalitokea kwingineko pia. Askari wa Gold Coast waliokuwa upande uleule wa Burma walikuwa na maigizo yao ya vichekesho, na Bob Vans alirudi Ghana kuunda kundi la Burma Jokers. Afrika Magharibi imeliandika jambo hilo katika historia ya tamthiliya yake. Afrika Mashariki imechelewa.

Vita vilipokwisha, waliokuwa wanamuziki wa jeshi waliunda Rhino Band, iliyokaa kwanza Kampala kisha Mombasa, na ilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1940 wanachama wake waliingia katika bendi nyingine. Colmore, akiwa sasa raia, aligeukia biashara ya muziki na matangazo Nairobi, na baadaye akawaleta huko wapigaji gitaa wa Kongo, Edouard Masengo na Jean-Bosco Mwenda. Upande wa Tanganyika, Ally Sykes wa Dar es Salaam, aliyekuwa pia askari Burma na mpiga gitaa, akawa rafiki na mshirika wake. Ni wazi kwamba mtandao wa santuri wa miaka ya 1950 ulijengwa na watu waliofahamiana kwa njia ya jeshi.

Konde alirekodi kwa wingi kati ya mwaka 1947 na 1956, na chapa ya HMV ilimfikisha mbali. Majengo Siendi Tena ni wimbo wa mji na majuto ya mji. Mama Sowera ulipendwa miaka mingi. Anahesabiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kutumia gitaa la umeme katika Afrika Mashariki. Santuri ziliingia bara kupitia maduka, na kuanzia mwaka 1951 Dar es Salaam ilikuwa na redio yake. Walioweza kuzinunua Iringa au Mbeya walikuwa wachache: karani, mwalimu, dereva, na askari mstaafu mwenye akiba ya malipo ya jeshi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Iringa kurekodi muziki wa Wahehe, alivutiwa na ligombo, zeze la ubao la Wahehe, na nyimbo za asili. Gitaa la aliyetoka vitani halikuwa shabaha yake. Kwa hiyo maktaba za sauti zimehifadhi Uhehe wa kale vizuri kuliko Uhehe wa mwaka 1950 wenyewe, na historia ya dansi katika Nyanda za Juu Kusini imebaki bila nyaraka za mwanzo wake. Hasara hiyo si ndogo.

Miaka ya 1960 ilileta twisti, kisha rumba ya Kongo na benga, na jina la Konde likafifia. Mikataba ya makampuni ya santuri ya wakati huo ilimpa mwimbaji malipo ya mara moja, na wimbo ukaendelea kuuzwa bila yeye. Nyimbo zake ziliingia katika fungu la zilizopendwa, ambalo ni heshima yenye ubaya wake: wimbo hukumbukwa, mwenye wimbo husahauliwa akiwa hai. Katika miaka ya 1990 rekodi zake za 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya, na mzee akarudi jukwaani mbele ya vijana ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa Burma. Alifariki mwaka 2000. Kati ya wazee wa batalioni za Tanganyika waliowahi kuketi chini katika kambi za Ceylon na Burma kusikiliza gitaa, wachache waliokuwa wamesalia mwaka huo walikuwa na umri wa karibu miaka 80.